Saa Nane ya Kaka Yangu

Wiki ile mashine zetu mbili zilipata moto mpaka Mzee Wino akazielekezea feni ambayo siku zote humpepea yeye. Mzee Wino ndiye mwenye duka la fotokopi ninakofanya kazi. Duka linatazamana na jengo ambamo kamati za bunge huketi kusikiliza maoni ya watu, na wiki ile kulikuwa na maoni juu ya muswada ambao jina lake rasmi lilijaza mistari mitatu. Sisi mtaani tuliuita muswada wa kurasa kumi.

Habari yake ilikuwa hivi. Sheria iliyokuwepo ilizitaka kampuni zipeleke serikalini kila mwaka ripoti ya uendelevu: zinatumia maji kiasi gani, zinamwaga nini, zinawalindaje wafanyakazi na majirani. Nyuma ya ripoti ziliambatishwa karatasi za vipimo vya kila siku, kama zilivyoandikwa kwa mkono na wapimaji. Wenye kampuni walisema ni mzigo. Muswada ukapendekeza kurasa kumi tu, zenye maelezo mafupi na jedwali la muhtasari. Karatasi za siku zisipelekwe tena popote.

Mzee Wino aliuunga mkono kwa mikono miwili.

"Mimi mwenye mashine mbili na paka mmoja," aliwaambia wateja, "najaza fomu ya kurasa kumi na nne! Wananiuliza maji machafu yangu yanaelekea wapi. Nimewajibu: chooni, kama yenu."

Wateja walicheka. Mimi nilitabasamu kwa adabu, nikaendelea kubonyeza. Sikuwa na upande. Kaka yangu alikuwa amefariki miezi mitano kabla ya hapo, na tangu siku ile nilitaka kazi ya mikono tu: weka karatasi, funika, bonyeza, toa. Nikikaa bure miguu ilianza kunicheza yenyewe. Nyumbani nilifagia mahali nilipokwisha kufagia. Nilikuwa natoka kwenda dukani kununua chumvi, nafika, nasahau nilichofuata, narudi na kiberiti.

Kaka alikuwa mpimaji katika kiwanda cha ngozi. Kiwanda kile kina shimo la maji taka lenye mfuniko wa chuma, na ndani ya shimo hujikusanya gesi inayonuka kama mayai viza. Ikiwa nyingi hainuki tena, inaua pua kwanza. Kazi ya kaka ilikuwa kuteremsha kifaa kwa kamba kupitia kitundu cha mfuniko mara nne kwa siku, kusoma namba, na kuiandika kwenye karatasi ya siku. Kumi kwenda chini, sawa. Kupita kumi, shimo lisifunguliwe. Wenzake walimwita Kipimo, na alilipenda jina hilo. Hata nyumbani mtu akizidisha chumvi alisema, "Imepita kumi hii."

Alifia kwenye shimo lile akimtoa mwenzake, fundi wa pampu, aliyekuwa ameshuka kuzibua bomba na kuanguka. Fundi alipona. Kaka hakupona. Baada ya mwezi kiwanda kilituletea barua ya uchunguzi wao, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii, ambayo naijua kwa moyo: "Mpimaji hakuchukua kipimo chochote kwa muda wa saa sita na nusu kabla ya tukio." Maana yake, alilala kazini, mwenzake akashuka bila kujua hali ya shimo, naye akafa kwa uzembe wake mwenyewe.

Nilitaka sentensi ile ifutwe. Sikutaka kingine. Lakini tulipoomba kuona karatasi ya siku ile, kiwanda kilisema zote zimeshapelekwa wizarani, na wizarani walisema subirini ripoti ya mwaka. Nikasubiri. Sijui kusubiri kwa utulivu, ila nilisubiri.

Siku ya Jumanne asubuhi aliingia kijana wa chama cha wenye viwanda, mwanasheria, mtu wa tai nyembamba na viatu vinavyolia. Mzee Wino alimwita Tai tangu siku ya kwanza, naye aliitikia. Alikuwa amekumbatia rundo la karatasi kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

"Dada, nataka seti kumi na mbili za hii. Yote. Kurasa mia tatu na ushee."

"Yote?" Mzee Wino aliuliza. "Si ndiyo hizi mnazozikataa?"

"Ndiyo maana, mzee wangu. Kesho nataka kila mheshimiwa apate lake mezani alione unene wake. Nitawauliza swali moja tu: nani ameisoma? Nimechagua iliyo nene kuliko zote." Akanigeukia. "Na dada, zifunge kwa kamba, zionekane nzito."

"Nzito zimekuwa nzito tayari," nilisema.

"Zizidi kidogo."

Nilizipokea. Jalada lilikuwa na jina la kiwanda cha ngozi.

Nilisimama na lile rundo mikononi sijui kwa muda gani. Mzee Wino alikohoa. Nikaanza kazi. Mbele kulikuwa na maelezo, kisha jedwali la kompyuta, kisha karatasi za siku, moja baada ya nyingine, mwandiko wa kaka yangu. Nane yake aliifanya kwa viduara viwili, kidogo juu ya kikubwa, kama mtungi na kifuniko chake. Nilikuwa namcheka kwa nane hiyo tulipokuwa shule. Kila nilipofunika mashine na taa ikapita, nilikuwa nimesoma siku yake moja. Mwezi wa kwanza. Wa tatu. Upande wa kulia palikuwa na nafasi ya maoni, naye aliijaza pale wengine wangeiacha wazi: "Mvua, kifaa kimelowa." "Paka amezaa karibu na mfuniko, tumemhamisha." Nilipindisha karatasi mbili, nikazirudia.

Mwezi wa kumi niliufikia karibu na saa sita. Tarehe yenyewe ilikuwa imeandikwa hivi:

Saa 1, kipimo 3. Saa 4, kipimo 6. Saa 8, kipimo 90. Maoni: "Nimemwambia msimamizi. Lisifunguliwe." Kisha saa 11, patupu.

Alikufa saa nane na nusu mchana.

Nilirudi mbele kwenye jedwali, nikitafuta tarehe ile ile. Jedwali lilisema: 01:00, tatu. 04:00, sita. 08:00, tisini. 11:00, hakuna kipimo. Nafasi ya maoni haikuwepo.

Mara ya kwanza sikuona kitu. Nane ni nane. Nikafunika mashine, nikabonyeza, nikafunua tena. Ndipo jicho likaenda kwenye ile 01:00. Saa saba za usiku? Kiwanda kile hufungwa saa kumi na mbili jioni, hata mlinzi hukaa nje ya geti. Nikapitisha kidole kwenye jedwali toka juu hadi chini. Kila siku toka mwezi wa kwanza, kwa mujibu wa jedwali, kaka yangu aliamka saa saba za usiku akapima gesi, akapima tena saa kumi alfajiri, akapima saa mbili asubuhi, akamaliza saa tano, kisha mchana wote akakaa bure.

Kaka aliandika saa kama tunavyozitaja sote. Saa moja ni asubuhi, saa nane ni mchana baada ya chakula. Aliyeingiza kwenye kompyuta alizichukua namba zilivyo na kuzipachika kwenye saa za kompyuta, zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Saa nane mchana ikawa 08:00, yaani saa mbili asubuhi. Toka hapo mpaka saa nane na nusu, hesabu: saa sita na nusu.

Sikulia. Nilimaliza kazi. Nilipofunga kamba ya mwisho Mzee Wino alihesabu kwa macho.

"Umetoa kumi na tatu."

"Moja yangu."

Tai alikuwa amerudi, anajipepea kwa bahasha. "Ya nini, dada? Umekosa usingizi?"

"Naomba nibaki nayo."

"Chukua. Waraka wa wazi huo, mtu yeyote ana haki ya kuuona. Ndilo tunalolilalamikia hilo: haki ipo, msomaji hayupo." Akacheka, akapakia seti zake kwenye mkokoteni wa mizigo, viatu vikilia mpaka ng'ambo ya barabara.

Nilimwomba Mzee Wino ruhusa ya mchana. Alinitazama kidogo, akaona jina kwenye jalada, maana yeye alikuwepo mazishini. "Nenda," alisema. "Na kesho asubuhi pia. Mimi bado nauunga mkono ule muswada, usije ukadhani. Lakini nenda."

Fundi wa pampu hakurudi kiwandani baada ya kupona. Alikuwa amefungua kibanda cha kutengeneza pampu za maji nyuma ya kituo cha mafuta. Nilimkuta amepiga magoti, pampu imefunguliwa mbele yake vipande vipande juu ya gunia. Aliponiona alisimama haraka mno, akaangusha nati, akaanza kuitafuta wakati iko mbele yake.

"Dada, karibu. Pole. Karibu. Kiti... kaa hapa, si pachafu sana."

"Sikai. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Kiwandani mlikuwa mnaandikaje saa kwenye karatasi?"

"Saa?"

"Ukipima baada ya chakula cha mchana, unaandika saa ngapi?"

"Saa nane." Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Ningeandika nini kingine?"

Nilimwonyesha karatasi, kisha jedwali. Alisoma kwa muda mrefu huku mdomo ukimcheza. Alipofika kwenye maoni ya kaka, "Lisifunguliwe," aliigeuza karatasi ikatazama chini, akairudisha mikononi mwangu.

"Kesho kamati inasikiliza watu," nilisema. "Ungekuja ukawaambia tu hivyo, kwamba wote mnaandika saa ya kwetu."

"Mimi nilitia sahihi kule kiwandani, dada. Nilitia sahihi kwamba sikumbuki kitu."

"Sikuulizi unachokumbuka. Nakuuliza saa."

Aliokota nati, akaipangusa kwenye suruali, akaipangusa tena. Nikaondoka.

Wifi yangu, mke wa kaka, nilimkuta uani anaanua nguo kabla jua halijazama. Tangu msiba tunakaa nyumba moja. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama, nguo begani mwake.

"Wifi," alisema, "watu ndiyo kwanza wameanza kunisalimia kama kawaida. Miezi mitano nikipita naambiwa yule mke wa mpimaji aliyelala. Nimeshazoea, nao wamechoka kusema. Sasa wewe unataka kwenda kulianzisha upya mbele ya wabunge?"

"Nataka lifutwe."

"Litafutwa na nani? Wale wanataka kufuta hizo karatasi, siyo sentensi."

"Ndiyo maana iwe kesho. Wakishapitisha, mwakani hakuna karatasi ya mtu yeyote."

"Mwakani hatanirudia."

Nilimpa ile karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama. Kisha akaweka kidole juu ya nane.

"Huyu ndiye," alisema polepole. "Aliandika hivi hivi kwenye orodha ya sabuni." Alisimama vile mpaka nguo zikamteleza begani. "Alisema lisifunguliwe."

"Alisema."

"Kwa hiyo alisema." Akainama kuokota nguo, akazikung'uta kwa nguvu kuliko zilivyohitaji. "Nenda. Ila kama watakuuliza mjane anasemaje, waambie mjane anafua."

Ukumbi wa kamati ni mdogo kuliko nilivyodhani nilipokuwa nikiutazama kutoka ng'ambo ya barabara. Meza ya nusu duara, wabunge kumi na mmoja, na mwenyekiti mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Pembeni palikuwa na mwandishi wa kumbukumbu za kikao, dada mmoja anayepiga chapa kila neno. Sisi wa kutoa maoni tulikaa kwenye viti vya plastiki, na kila mtu alikuwa na dakika tano. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Bwana mmoja wa chama cha wavuvi aliniambia, "Dada, kiti kina misumari?" Nilimwomba radhi.

Walianza wenye biashara ndogo, na walisema kweli. Mama mmoja mwenye kiwanda cha sabuni cha wafanyakazi sita alisema huajiri mtu mwezi mzima kila mwaka kwa ajili ya kujaza fomu tu. Nilimwonea huruma. Kisha akaitwa Tai. Alizungumza vizuri, bila karatasi. Alieleza kwamba wafanyabiashara hawapingi mazingira, wanapinga makaratasi. Halafu akanyanyua rundo nililolifunga kwa mikono yangu na kuliachia juu ya meza. Lilitoa kishindo, glasi zikalia.

"Waheshimiwa, mbele ya kila mmoja wenu kuna ripoti kama hii. Naomba kuuliza kwa heshima. Nani ameisoma?"

Wabunge walicheka. Mmoja aliinua mikono juu kama aliyekamatwa. Ukumbi wote ukacheka, hata bwana wa wavuvi.

Nilikuwa wa nne baada yake. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye daftari lakini herufi zilikuwa zinarukaruka, nikalifunga.

"Mimi nafanya kazi ng'ambo hapo, kwenye fotokopi," nilisema. "Ripoti hiyo mimi nimeisoma. Naomba mfungue jedwali, ukurasa wa kumi na moja."

Nilisikia karatasi zikifunuliwa, wengine wakihangaika na kamba.

"Hapo pameandikwa kila siku kipimo kilichukuliwa 01:00. Hiyo ni saa saba za usiku. Kiwanda hiki kinafungwa saa kumi na mbili jioni. Naomba kujua nani alipima."

Kicheko kidogo kilipita mezani, kisha kikakatika. Niliwaelekeza kwenye karatasi ya mwezi wa kumi. Niliwaambia ni mwandiko wa kaka yangu, aliyekufa siku hiyo saa nane na nusu mchana, na kwamba kiwanda kinasema hakupima kwa saa sita na nusu. Niliisoma yote, na nilipofika "saa nane" mwandishi wa kumbukumbu aliinua kichwa.

"Samahani, Mama Mwenyekiti," alisema. "Niandike nane, au kumi na nne?"

Watu waliangua kicheko tena. Mwenyekiti hakucheka. Alivua miwani, akaangalia karatasi, akaangalia jedwali.

"Andika kwa maneno," alisema. "Saa nane mchana."

Mbunge mmoja aliyekuwa amepandisha miwani yake kichwani aliomba nafasi. Huyu ndiye aliyekuwa mtetezi mkubwa wa muswada, na sikuona ubaya wowote usoni mwake.

"Dada, pole sana kwa msiba. Lakini naona umetusaidia sisi. Ripoti ina kurasa mia tatu, ina kosa la wazi kila siku ya mwaka, imepita kiwandani, imepita wizarani, na hakuna aliyeliona. Sasa si ndiyo tunachosema? Karatasi nyingi hazimlindi mtu. Hazikumlinda kaka yako."

Alikuwa na haki ya kusema vile. Nililishika rundo langu kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa," nilisema, "karatasi hazina kosa. Kosa liko kwenye jedwali. Na muswada wenu unabakiza jedwali, unatupa karatasi."

Aliteremsha miwani toka kichwani akaivaa.

"Tunajuaje kwamba ndivyo alivyomaanisha?" aliuliza, na sasa aliuliza kweli. "Yupo mtu wa kiwanda kile anayeweza kusema saa zinaandikwa hivyo?"

Nilitaka kusema hayupo. Nyuma yangu kiti cha plastiki kilikwaruza sakafu. Fundi wa pampu alikuwa amesimama karibu na mlango, bado na nguo za kazi, mikono imeshikana mbele kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Wote tunaandika hivyo," alisema. "Saa ya kwetu. Nimefanya kazi pale miaka tisa." Akautazama mlango. "Ni hilo tu." Akatoka kabla hajaulizwa jina, na mwandishi wa kumbukumbu akabaki vidole hewani.

Mwenyekiti aliagiza karatasi ile iingizwe nzima kwenye kumbukumbu za kikao, na barua iandikwe kwa mkaguzi mkuu wa usalama kazini. Dakika zangu zilikuwa zimekwisha kitambo. Nje, kwenye ngazi, Tai alinifuata, viatu vikilia.

"Ungeniambia jana," alisema.

"Ungeniachia nakala?"

Alifikiri. "Sijui," alisema. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Alilegeza tai yake, akasema pole, akarudi ndani, kwa maana bado alikuwa na siku mbili za kuwatetea waliomwajiri.

Jumapili alasiri fundi wa pampu alikuja nyumbani. Hakunitafuta mimi. Alimtafuta wifi, naye wifi akamkaribisha uani, akaendelea kuchambua mchele kwenye ungo. Mimi nilikuwa mlangoni, siwezi kukaa wala kuondoka.

"Shemeji," alimwambia, "siku ile mumeo alisimama juu ya mfuniko. Kwa miguu yake miwili. Akasema shimo halifunguliwi, ni tisini. Msimamizi akamwambia bomba limeziba, ngozi zitaharibika, sogea. Akakataa. Wakamvuta. Mimi niliona. Nikashuka hivyo hivyo, kwa sababu niliambiwa nishuke."

Wifi aliendelea kuchambua. Punje, punje, jiwe.

"Uliona," alisema.

"Niliona, shemeji."

"Miezi mitano."

"Miezi mitano."

"Naye akakufuata humo ndani."

Wifi aliweka ungo chini. Nilidhani atamfukuza, na nadhani hata fundi alingoja kufukuzwa, alikuwa ameshageuza mguu. Wifi akasema, "Kesho ofisi ya mkaguzi inafunguliwa saa mbili. Uwe pale kabla yangu."

Alikuwa pale kabla yake. Najua kwa sababu nilikwenda nao, nikawangoja nje nikizunguka jengo. Nilizunguka mara kumi na tisa.

Barua ilikuja wiki ya sita. Ina mistari minne. Sentensi ya saa sita na nusu imefutwa, na badala yake pameandikwa kwamba mpimaji alichukua kipimo saa nane mchana, akatoa onyo, na onyo halikufuatwa. Msimamizi anachunguzwa. Wifi aliisoma mara moja, akatoka nayo, akapita nyumba kwa nyumba upande wote wa kushoto wa mtaa wetu, akarudi kwa upande wa kulia. Hakumwambia mtu kitu. Aliwapa tu wasome, akangoja wamalize, akaichukua. Jioni alirudi miguu ina vumbi, akala, akalala kabla yangu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Muswada ulipita kwenye kamati, saba kwa wanne, kisha ukapita bungeni. Walipunguza ukali kidogo: kampuni ndogo zimesamehewa kabisa, jambo ambalo hata mimi ningelikubali, na Mzee Wino amening'iniza fomu yake ya mwisho ukutani kama cheti. Kwa viwanda vikubwa, karatasi za siku zitabaki viwandani kwa miaka miwili, kisha ziteketezwe. Hazitapelekwa tena mahali ambapo mtu kama mimi anaweza kuziomba. Mheshimiwa wa miwani, yule aliyekuwa mtetezi wake mkubwa, alipiga kura ya hapana. Sikutegemea, na haikutosha.

Sheria mpya itaanza mwakani. Mpaka hapo chumba cha kumbukumbu cha wizara bado kiko wazi, na ripoti za miaka iliyopita zimo ndani ya maboksi, na mtu yeyote ana haki ya kuziona. Kila siku saa ya chakula navuka barabara mbili, natia sahihi kwenye daftari la mlangoni, nafungua boksi. Karani wa pale aliniuliza mara ya kwanza natafuta nini. Nilimwambia bado sijui. Sasa haniulizi, ananisogezea kiti, ingawa nasoma nimesimama.

Nimemaliza kiwanda cha saruji. Sasa niko kwenye cha rangi, karatasi za ghorofa ya juu, ambapo mpimaji wa mvuke wa rangi ni mwanamke. Najua kwa sababu mahali pamoja ameandika kwamba amechelewa kupima, alikuwa ananyonyesha. Mwandiko wake umelala upande wa kushoto. Karibu kila siku kwenye maoni anaandika neno moja, "Dirisha." Zamani kidogo aliandika, "Dirisha halifunguki," baadaye akachoka, akabakiza neno. Kwenye jedwali la mbele hakuna dirisha lolote. Sijui ni nani, wala kama bado yupo kazini. Nimefika mwezi wa tano, na namba zake zinaanza kupanda.